Maswali ya Wasomaji: Magazeti ya Kijerumani katika Marekani ya Wahamiaji

Katika toleo lililopita, makala yetu kuhusu historia ya uchapaji ilitaja kwa sentensi moja tu kwamba habari ya kupitishwa kwa Azimio la Uhuru wa Marekani, Julai 1776, ilitangulia kutoka katika gazeti la Kijerumani. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima. Tumechagua chache kati ya hizo, tukazifupisha bila kugusa maana yake, na majibu ni haya yafuatayo.

Ndugu Mhariri, nilisoma historia miaka mingi iliyopita na sikumbuki kuambiwa kwamba Wajerumani walikuwamo Marekani wakati ule. Gazeti lao lilikuwa likifanya nini katika koloni la Waingereza, na lilipataje kuyatangulia magazeti ya Kiingereza? (Msomaji, Morogoro)

Walikuwamo, tena kwa wingi. Kijiji cha Germantown, ambacho leo ni mtaa wa jiji la Philadelphia, kilianzishwa mwaka 1683, na kufikia wakati wa vita vya uhuru inakadiriwa kwamba kiasi cha theluthi moja ya wakazi wa Pennsylvania walikuwa wa asili ya Kijerumani. Wengi wao walikuwa wakulima na mafundi waliokimbia vita, umaskini na kubanwa kwa madhehebu yao, nao walivutiwa na koloni ambalo mwanzilishi wake, William Penn, aliahidi uhuru wa dini.

Aliyewahi kuona kwamba watu hao ni soko alikuwa mpiga chapa Benjamin Franklin, ambaye mwezi Mei 1732 alitoa *Philadelphische Zeitung*, gazeti la kwanza la Kijerumani katika Marekani. Lilikufa baada ya matoleo machache, na sababu si ngumu kuiona. Franklin alilichapa kwa herufi za Kilatini alizokuwa nazo dukani, ilhali wasomaji aliowalenga walizizoea herufi za Fraktur, zile nyeusi zenye pembe ambazo Biblia na vitabu vyao vya nyimbo vilichapwa kwazo. Na hata mhariri aliyemweka alikuwa Mfaransa. Christoph Saur wa Germantown aliwafahamu watu wake vizuri zaidi. Aliagiza herufi za Fraktur kutoka Frankfurt, akaanza kutoa gazeti mwaka 1739, na mwaka 1743 akachapa Biblia nzima ya Kijerumani, ikiwa imebaki miaka 39 kabla ya Biblia kamili ya Kiingereza kuchapwa Philadelphia.

Ama kuhusu Julai 1776, hapakuwa na mbio zozote, ni ratiba tu. Bunge la makoloni lilipitisha Azimio siku ya Alhamisi, tarehe 4. Gazeti la Henrich Miller, *Pennsylvanischer Staatsbote*, lilikuwa na zamu ya kutoka Ijumaa, basi likabeba habari fupi kwamba Azimio limepitishwa. Gazeti la kwanza la Kiingereza lilitoka Jumamosi, likiwa na maandishi yenyewe yote, na Miller akatoa tafsiri kamili ya Kijerumani tarehe 9. Wanaomsifu Miller kwa wepesi wanaisifu kalenda. Ninaloliona mimi kuwa kubwa zaidi ni hiyo tafsiri ya tarehe 9, kwa kuwa ndiyo iliyomwezesha mkulima asiyejua Kiingereza kuyasoma mwenyewe maneno ambayo alikuwa karibu kuombwa ayapiganie.

Magazeti hayo yalisomwa na nani hasa baadaye, na yaliishi kwa fedha gani? Sisi tunaohangaika na magazeti ya mikoani tungependa kujua siri yao. (Mwandishi wa habari, Mwanza)

Siri yao kubwa ilikuwa meli. Kila meli iliyotoka Bremen au Hamburg ilishusha wasomaji wapya. Katika miaka ya 1850 waliingia Wajerumani wanaokaribia milioni moja. Katika miaka ya 1880 wakaingia zaidi ya milioni moja na robo, na mwaka 1882 peke yake ulipokea kiasi cha 250,000. Ndiyo maana katika miaka ya 1890 magazeti na majarida ya Kijerumani nchini humo yalifika karibu 800, kuanzia ya kila siku ya New York, Chicago, St. Louis, Cincinnati na Milwaukee, hadi yale ya kila wiki ya miji ambayo ilikuwa na kanisa moja, kinu kimoja na vilabu viwili vya bia.

Tulichukue gazeti la mji mdogo la miaka ya 1880 tulitazame kwa karibu. Ukurasa wa mbele mara nyingi una sura ya riwaya ya mfululizo, na chini yake au ukurasa wa pili zimo habari za nyumbani zilizopangwa kwa majimbo: Prussia, Saxony, Bavaria, Württemberg. Ni habari fupi fupi, za ghala lililoungua katika kijiji fulani, mwalimu mkuu aliyefariki, mizabibu iliyopigwa na baridi. Mhariri wa mjini angeziona takataka, lakini mtu aliyeondoka kijiji hicho miaka 15 iliyopita alilipa ada ya mwaka kwa ajili ya mistari hiyo minne. Sehemu kubwa ya kurasa hizo hata haikupangwa pale mjini: zilifika kwa reli kutoka kampuni za miji mikubwa, zikiwa mabamba ya madini ya risasi yaliyokwisha kumiminwa yakiwa na maandishi tayari, na mwenye gazeti akaongeza habari za kwao na matangazo.

Matangazo ndiyo yaliyolipa. Walikuwapo mawakala wa kampuni za meli, Hamburg-Amerika na Norddeutscher Lloyd, wakiuza tiketi ambazo mhamiaji aliweza kuzilipia huku ili ndugu yake asafiri kutoka kule. Walikuwapo madaktari, wauza mbegu, maseremala wa majeneza, vyama vya waimbaji na vya mazoezi ya viungo, na juu ya wote walikuwapo wenye viwanda vya bia. Hao wa bia tutarudi kwao, maana kuanguka kwao kuliyaangusha na magazeti mengi.

Biashara hii ilikuwa na wanawake pia, na inafaa watajwe kwa majina. Jacob Uhl, mwenye *New Yorker Staats-Zeitung* lililoanzishwa mwaka 1834, alipofariki mwaka 1852, mjane wake Anna aliliendesha mwenyewe, akaliongoza hadi likawa miongoni mwa magazeti makubwa ya jiji. Baadaye aliolewa na mhariri wake, Oswald Ottendorfer, na maktaba ambayo wawili hao waliijenga mwaka 1884 katika Second Avenue bado inaazima vitabu leo, jina lake la Kijerumani likiwa limechongwa juu ya mlango. Huko Milwaukee, Mathilde Franziska Anneke alianzisha mwezi Machi 1852 gazeti la kutetea haki za wanawake, *Deutsche Frauen-Zeitung*, na alipoajiri wanawake wapange herufi, wapanga herufi wanaume waliungana kumpinga, ikambidi ahamishie kazi yake pwani ya mashariki.

Magazeti hayo yalikuwa shule ya uandishi vilevile. Joseph Pulitzer, ambaye tuzo za uandishi za Marekani zina jina lake, alizaliwa Hungary, na kazi yake ya kwanza ya uandishi, mwaka 1868, ilikuwa kukusanya habari za mitaa ya St. Louis kwa ajili ya *Westliche Post*, gazeti la Kijerumani. Miaka kumi baadaye alikuwa na gazeti lake mwenyewe, la Kiingereza.

Ni kweli kwamba Rais Abraham Lincoln aliwahi kumiliki gazeti la Kijerumani kwa siri? Rafiki yangu anasema huo ni uzushi wa mitandaoni. (Msomaji, Nairobi)

Mwambie rafiki yako kwamba safari hii mitandao imesema kweli. Mwezi Mei 1859, kabla hajawa rais, Lincoln alinunua mtambo na herufi za *Illinois Staats-Anzeiger*, gazeti la Springfield, kwa dola 400, akauacha mikononi mwa mhariri wake, Theodore Canisius, kwa mkataba wa maandishi. Gazeti lilitakiwa litoke hasa kwa Kijerumani, lifuate msimamo wa chama cha Republican, na lisichapishe lolote la kukidhuru chama hicho. Canisius angebaki na mapato na kubeba gharama. Lincoln alibaki na mali, na hakuitangaza.

Hesabu zake zilikuwa za kisiasa. Mwaka huo jimbo la Massachusetts, lililokuwa chini ya chama hicho hicho, lilipitisha sheria ya kumtaka mgeni aliyekwisha kupata uraia angoje miaka miwili zaidi ndipo apige kura. Wajerumani wa Illinois walikasirika, na kura zao zingeweza kulielekeza jimbo. Lincoln alimwandikia Canisius barua ya tarehe 17 Mei akisema kwamba anapinga sheria ya namna hiyo isije Illinois, barua ambayo ilichapishwa, na kabla mwezi haujaisha akawa na gazeti. Baada ya kushinda uchaguzi alimwachia Canisius mtambo, na mwaka 1861 akamteua balozi mdogo huko Vienna. Anayetaka kuliita jambo hili ukarimu na aliite hivyo. Mimi naona ni malipo.

Ninaishi Houston. Nilipopita New Braunfels niliambiwa kwamba Wajerumani wa Texas walipinga utumwa na magazeti yao yaliwatetea Waafrika. Je, ndivyo ilivyokuwa? (Msomaji, Texas)

Ni nusu ya kweli, na hiyo nusu nyingine haipendi kusemwa kwenye ziara za watalii.

New Braunfels ilianzishwa Machi 1845 na walowezi walioletwa na chama cha wakuu wa Kijerumani. Gazeti lake, *Neu-Braunfelser Zeitung*, lilianza Novemba 1852 chini ya Ferdinand Lindheimer, mzaliwa wa Frankfurt, ambaye wataalamu wa mimea humwita baba wa elimu ya mimea ya Texas kwa maelfu ya majani na maua aliyoyakausha na kuyapeleka kwa wanasayansi wa mashariki. Alilihariri kwa miaka 20, akilichapia nyumbani kwake kando ya mto Comal, nyumba ya fremu za mbao ambayo bado imesimama na imekuwa makumbusho. Lakini Lindheimer hakuwa mpinzani wa utumwa. Aliwashauri wasomaji wake wasiwaudhi majirani zao Wamarekani, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokaribia akaunga mkono majimbo ya kusini yaliyojitenga. Mwaka 1861 wilaya yake ilipiga kura ya kujitenga, ilhali wilaya jirani ya Gillespie, yenye Wajerumani vilevile, iliikataa kura hiyo kwa wingi mkubwa.

Sauti uliyoisikia katika hadithi ni ya mtu mwingine, Adolf Douai, mhariri wa *San Antonio Zeitung* lililoanza mwaka 1853. Mwezi Mei 1854, wakati vyama vya waimbaji vilipokutana San Antonio, mkutano wa kisiasa wa Wajerumani uliofanyika sambamba ulitoa tamko kwamba utumwa ni uovu, na kwamba jimbo likiamua kuufuta lina haki ya kuomba msaada wa serikali kuu. Douai alilishika tamko hilo na hakuliachia. Wenye hisa wa gazeti waliingiwa na hofu wakataka kuuza. Yeye akalinunua kwa msaada wa marafiki, akiwamo Frederick Law Olmsted, mwandishi aliyekuwa ameizuru Texas na ambaye baadaye alishiriki kubuni bustani kuu ya New York. Watangazaji walijitoa, vitisho vikaongezeka, na mwaka 1856 Douai akauza na kuondoka. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwaka 1868 aliletewa gazeti kutoka San Antonio lililotolewa na watu weusi waliotoka utumwani, nao walitaka ajue kwamba mtambo waliolichapia ndio ule ule uliokuwa wake.

Kuna na damu katika habari hii. Tarehe 10 Agosti 1862 kundi la Wajerumani wa vilima vya Texas waliokataa kulipigania jeshi la kusini walishambuliwa kando ya mto Nueces walipokuwa wakielekea Mexico, na wengi wakauawa. Mnara wao wa mwaka 1866 umo katika mji mdogo wa Comfort. Ukipita tena njia ile, unafaa kuutembelea kuliko maduka ya soseji.

Nimesoma kwamba vita vya kwanza vya dunia viliyaua magazeti hayo yote kwa sheria. Je, serikali iliyapiga marufuku? (Msomaji, Mombasa)

Haikuyapiga marufuku, na nadhani hapo ndipo wengi wanapokosea. Ilifanya jambo lililokuwa rahisi kwake na ghali kwao. Marekani iliingia vitani Aprili 1917, na tarehe 6 Oktoba mwaka huo sheria ya biashara na adui ikaweka kifungu kilichoagiza kwamba gazeti lolote lisilo la Kiingereza, likichapisha neno kuhusu serikali au vita, lipeleke kwanza kwa postamasta tafsiri ya Kiingereza iliyoapiwa, isipokuwa lile lililopewa kibali. Kwa hiyo katika magazeti ya miezi ile utaona, juu ya habari ya Kijerumani, mstari wa Kiingereza unaosema kwamba tafsiri sahihi imekabidhiwa kwa postamasta wa mji fulani tarehe fulani kama sheria itakavyo. Gazeti kubwa lilimudu kuajiri mtafsiri. Mwenye gazeti la wilaya, ambaye alikuwa mhariri, mpiga chapa na karani kwa pamoja, aliacha kuandika habari za vita, au aliandika zile za kuisifu serikali mpaka akapata kibali, au alifunga.

Walioendelea kusema walikiona. Jacob Frohwerk, aliyeandika katika *Missouri Staats-Zeitung* la Kansas City kwamba kupeleka askari Ufaransa ni kosa, alihukumiwa kifungo cha miaka kumi, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo Machi 1919, vita vikiwa vimekwisha miezi minne nyuma, ingawa baadaye rais aliipunguza. Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alitoa tangazo la kukataza lugha za kigeni shuleni, makanisani, kwenye treni na hata kwenye simu. Watu waliacha kununua gazeti la Kijerumani kwa sababu hawakutaka kuonekana nalo barabarani. Kisha, Januari 1920, marufuku ya pombe ikaanza kutumika, na wale watangazaji wa bia tuliowataja wakatoweka kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, angalia tarehe. Magazeti yaliyokuwa karibu 800 katika miaka ya 1890 yalikuwa yamepungua hadi kiasi cha 550 mwaka 1910, miaka saba kabla ya sheria yoyote ya vita. Viwanda vya Ujerumani vilikuwa vimepata kazi za kuwapa watu, na meli zikaanza kuja nusu tupu. Watoto wa waliofika miaka ya 1880 walisoma shule za Kiingereza, wakafuatilia mpira wa besiboli katika magazeti ya Kiingereza, na gazeti la baba likabaki la baba. Vita viliharakisha kifo cha mgonjwa aliyekuwa tayari kitandani, na kufikia 1920 yalibaki chini ya 300. Palipokuwa na wakulima waliokaa pamoja na kusema Kijerumani nyumbani, magazeti yalidumu vita au visivyo vita: *Freie Presse für Texas* la San Antonio lilitoka hadi mwaka 1945, na lile la Lindheimer liliendelea kwa Kijerumani hadi mwaka 1957.

Babu yangu alikuwa akitaja gazeti la Kijerumani la hapa Tanga. Je, lilikuwa la aina hiyo hiyo? (Msomaji, Tanga)

Babu yako alikuwa na kumbukumbu nzuri. Gazeti hilo ni *Usambara-Post*, na Dar es Salaam kulikuwa na *Deutsch-Ostafrikanische Zeitung* lililoanza mwaka 1899. Utawala wa Wajerumani ulipoondolewa katika miji hiyo mwaka 1916, nayo yalikoma. Lugha ilikuwa moja lakini kazi ilikuwa tofauti kabisa. Gazeti la Missouri liliandikwa kwa ajili ya mgeni aliyetaka kukubaliwa na nchi ya wengine, likamfundisha namna ya kuomba uraia na kupiga kura. Haya yetu yalisemea walowezi waliokuja kutawala, na malumbano yao makubwa na Rechenberg, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yalihusu hasa namna ya kuwapatia wenye mashamba vibarua wa Kiafrika. Msomaji wa Kiswahili wa wakati ule alikuwa na *Kiongozi*, lililotolewa na shule ya serikali hapo hapo Tanga.

Je, magazeti hayo ya Marekani yanaweza kusomwa leo? Ninajifunza Kijerumani chuoni. (Mwanafunzi, Dodoma)

Yanaweza, tena bila malipo. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni kurasa nyingi za magazeti ya Kijerumani katika mkusanyiko wake wa magazeti ya zamani, na Chuo Kikuu cha North Texas kinafanya hivyo kwa yale ya Texas. Ukianza, usikatishwe tamaa na Fraktur: herufi ya s katikati ya neno inafanana mno na f, na k hufanana na t, hivyo ukurasa wa kwanza utakuchosha. Usianze na tahariri. Anza na matangazo ya biashara, ambayo sentensi zake ni fupi na bidhaa zake hurudiwa kila wiki, kisha uende kwenye habari za vijiji. Riwaya ya mfululizo uiache mpaka jicho lizoee.